Usikubali Explorer ya mjomba isuguliwe

Ndugu yangu, pole sana kwa kumpoteza mjomba. Umeuliza kama umpe fundi saa ile Rolex Explorer 1016 aliyokuachia, asugue kasha ling'ae na kupaka upya namba kwa kuwa haziwaki gizani. Nakusihi, usikubali.

Kutowaka si ubovu. Saa nyingi za 1016 zilipakwa tritiamu, dutu yenye mionzi inayofanya rangi iwake gizani, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo ya zamani lazima iwe imezima. Angalia ukingo wa chini wa uso wa saa, chini ya 6: ukiona maandishi madogo "T<25", ni tritiamu. Ile rangi ya krimu iliyoingia kwenye 3, 6 na 9 ndiyo wakusanyaji wanayoitafuta, na ikishafutwa hairudi. Kasha nalo likisuguliwa, kingo zake kali hulainika, na chuma kilicholiwa ndiyo basi tena. Kioo ni cha plastiki. Hicho hata kikibadilishwa hakuna neno.

Kinachohitaji fundi ni mashine: ifunguliwe, isafishwe, itiwe mafuta, na mipira ya kuzuia maji ibadilishwe. Mwambie waziwazi asiguse uso wala mishale, na kila kifaa anachokitoa akurudishie. Kabla ya hapo usiivae ukioga wala kufua, na usiitembeze kila siku, maana mafuta yakikauka vyuma hulana.