Nyongeza za diski ziorodheshwe vipi?

Ndugu, umeuliza kama, katika orodha ya kompyuta ya diski zako za filamu, nyongeza (yaani vitu vya ziada vinavyokuja na filamu kwenye diski) ziandikwe zote kwenye kisanduku kimoja mbele ya jina la filamu. Mimi ningezipa jedwali lake, kila moja na mstari wake: jina, aina, muda, na diski ilimo. Ziunganishe na toleo, si filamu tu, maana filamu ileile ikitolewa upya nyongeza huweza kubadilika. Namba ya msimbopau itakusaidia kutofautisha. Jalada usiliamini sana, fungua menyu ujionee. Maelezo ya mwongozaji, yaani sauti yake akiizungumzia filamu huku ikiendelea, ndiyo husahaulika zaidi, kwa kuwa mara nyingi hujificha kwenye chaguo za sauti. Msimbo wa eneo, unaoonyesha diski imekusudiwa kuchezwa sehemu gani ya dunia, nao uandike: DVD hutumia namba, Blu-ray herufi A, B na C. Vionjo vya filamu nyingine? Mimi huviruka.