Pauni zenye sura ya Malkia Elizabeth: bado ni halali?

Dada, tulia, pauni ulizoachiwa na shangazi aliyekuwa Uingereza hazikufa na Malkia Septemba 2022. Noti za Mfalme Charles zilianza kutoka Juni 5, 2024 na zinatumika sambamba na za Malkia.

Kinachokuponza ni karatasi, si sura. Ishike noti: ikiwa ya plastiki yenye kidirisha kinachopitisha mwanga, ni pesa. Za karatasi za 20 na 50 ziliacha kuwa halali dukani baada ya Septemba 30, 2022, siku chache tu baada ya mazishi, ndiyo maana watu wakachanganya mambo. Duka la fedha likizikataa, usiziuze kwa bei ya kutupa. Bank of England, benki kuu ya Uingereza, huzibadilisha bila ukomo wa muda, kaunta London au kwa posta: jaza fomu yao, ambatisha nakala ya kitambulisho. Mwenye akaunti ya benki Uingereza aulize benki yake kwanza, ni rahisi zaidi.

Pasipoti yenye jina la Malkia hutumika hadi tarehe yake ya mwisho. Stempu za posta za kawaida za Uingereza zisizo na msimbo pau ziliacha kutumika baada ya Julai 31, 2023. Uamuzi huo ulitangazwa Malkia akiwa hai.