Wakili wa kupewa ni wa nani?

SWALI: Wakili, salaam. Mwanangu wa pili alikamatwa Columbus, Ohio, miezi mitatu iliyopita, kwa kesi ya kutapeli watu kwa barua pepe. Dhamana amenyimwa. Kwenye mashtaka imeandikwa anaweza kufungwa miaka 20. Mahakama imempa wakili wa bure, anayelipwa na serikali ileile iliyomshtaki. Huyo wakili amemkataza kuzungumza nasi kesi kwenye simu, na sasa analeta habari za kukiri kosa. Wajomba zake wanataka tuuze shamba tumwekee wakili wetu. Nifanyeje? – Mama, Muheza.

JIBU: Shikamoo mama. Pole sana. Shamba usiliuze kwanza.

Mimi ni wakili wa aina hiyohiyo. Nimetetea watu katika mahakama za shirikisho za Marekani, yaani za serikali kuu, si za jimbo, kwa miaka 11. Ni kweli mshahara wangu unatoka serikalini, lakini unapitia fungu la mahakama, na mwendesha mashtaka hana amri yoyote juu yangu. Haki ya asiye na uwezo kupewa wakili katika mahakama hizo ilithibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1938, na sheria ya 1964 ikaweka malipo. Kesi za shirikisho ndiyo kazi yetu ya kila siku. Wakili wa kukodi aliyezoea kesi za talaka hatamfaa mwanao, hata mkiuza mashamba mawili.

Habari ya simu, mama, naomba umtii wakili wa mwanao. Simu za rumande hurekodiwa. Niliwahi kumtetea kijana aliyemuuliza dada yake, “Ile simu nyingine iko wapi?” Alitaka iuzwe, mama yao apate kodi ya nyumba. Mwendesha mashtaka aliisikilizisha sauti ile mbele ya wananchi 12 waliokaa kuamua kesi, akasema huyu anaficha ushahidi. Nilisimama kueleza habari ya kodi, lakini nyuso zao zilikuwa zimeshafunga. Mkipigiana, mwulize kama anakula, kama analala, kama anasali. Ya kesi ni yake na wakili wake.

Miaka 20 ni ukomo wa kosa lile. Jaji huanza na mwongozo unaopima kiasi cha hasara na rekodi ya mtu, na tangu 2005 mwongozo huo haumfungi mikono. Ila atakachopewa atakitumikia sehemu kubwa: kwa tabia njema hupunguziwa hadi siku 54 kwa mwaka, na ule utaratibu wa kuachiwa mapema kwa masharti ulifutwa kwa makosa ya kuanzia Novemba 1987. Ndiyo maana tunagombania kila dola ya hasara.

Kukiri ni uamuzi wa mwanao peke yake, na zaidi ya kesi tisa katika kila kumi huishia hivyo. Wakili kulizungumza si dalili kwamba amemuuza. Kinachonitia hofu ni kitu ambacho hukukiandika: je, ni raia wa Marekani? Kama si raia, utapeli wenye hasara inayozidi dola 10,000 unaweza kumfanya arudishwe nyumbani baada ya kifungo, hata akiwa na kibali cha kudumu. Tangu 2010 wakili analazimika kumweleza hatari hiyo kabla hajakiri. Mwambie mwanao amwulize ana kwa ana: “Nikikiri, hasara itaandikwa dola ngapi, na nitabaki?”

Kuna kazi yako pia, mama. Kesi ikifika kwenye adhabu, jaji husoma barua za familia. Andika kwa Kiswahili chako, itatafsiriwa. Usimwambie jaji kwamba mwanao hana hatia, hasa kama amekiri. Mweleze ni nani aliyekuwa akikununulia dawa, nani analipa ada ya wadogo zake, na akirudi atalala chumba gani. Mpe wakili barua hiyo, usimtumie jaji mwenyewe.