Jibu: viputo vidogo kwenye tangi la maji chumvi baada ya kufunga skima

Mkuu, umeeleza kwamba tangi lako la maji chumvi hapo Nyegezi, lita 300, samaki klauni wawili na matumbawe laini, lilikuwa limetulia mpaka ulipofunga skima mpya ya protini, kile chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu. Sasa maji yamejaa viputo vidogo hadi yamekuwa kama yametiwa tui, na unauliza kama uagize skima nyingine kutoka Dar. Usiagize kitu kwanza. Nimefuga samaki wa maji chumvi hapa Mwanza kwa miaka kadhaa, na kila ninapoitwa kuangalia tangi lenye shida hii, skima huwa inalaumiwa kabla haijachunguzwa.

Zima skima peke yake. Acha pampu ya kurudishia maji iendelee, kisha subiri nusu saa. Kama viputo bado vinaingia kwenye tangi, chanzo ni pampu hiyo au bomba linalomwaga maji kwenye sampu, yaani tangi dogo la chini lenye vifaa. Tazama kina cha maji mahali pampu ilipokaa: joto letu hapa linakausha maji haraka, na upungufu wote huonekana kwenye sampu. Maji yakishuka, pampu huanza kuvuta hewa kutoka juu. Jazia maji yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Kama pampu iko nje ya sampu, kagua nati za upande wa kuvuta. Upande huo ukilegea haudondoshi tone, unaingiza hewa kimyakimya, ndiyo maana watu hawauoni. Mwagia maji kidogo kwenye kiungo: viputo vikikata kwa muda, umempata mchawi.

Kama maji yametakata baada ya kuzima, basi tushughulike na skima. Ikiwa ni mpya, plastiki yake bado ina mafuta ya kiwandani, na viputo vya siku za mwanzo hutulia vyenyewe, wakati mwingine baada ya wiki mbili. Ulipoiosha ulitumia sabuni? Isuuze tena kwa siki na maji. Halafu kumbuka ulichotia kwenye maji karibuni. Maji ya bomba ya mjini yana klorini, na baadhi ya dawa za kuiondoa zina ute wa kulinda ngozi ya samaki. Ute huo huifanya skima ifoke povu ovyo na kutema viputo kwa siku kadhaa. Mimi nachuja maji ya bomba kwa kaboni na chujio la RO (utando unaozuia karibu kila kilichoyeyuka majini) ndipo nichanganye chumvi ya akwaria, karibu gramu 35 kwa lita, na tatizo la ute sina. Gundi ya kubandikia matumbawe nayo huleta vurugu hiyo hiyo, hata mkono wenye losheni.

Kisha kina. Skima ya kukaa ndani ya sampu imetengenezewa kina maalumu cha maji, nyingi ni kati ya sentimita 15 na 25. Soma karatasi yake. Ikizama sana, inyanyue kwa kipande cha plastiki kigumu. Bomba lake la kutolea maji ligeuze lielekee juu, mdomo uwe chini kidogo tu ya uso wa maji, ili viputo vipasuke hapo hapo badala ya kusukumwa chini. Vali ya skima iguse kidogo kidogo na uipe saa kadhaa kabla ya kuigusa tena.

Sasa nifike ninapotaka unisikilize zaidi. Sisi wa huku tumezoea matangi ya furu na maji ya ziwa, ambako viputo vikigusana huungana, vinakuwa vikubwa na kupanda upesi. Chumvi huzuia muungano huo. Ndiyo inayoiwezesha skima kutengeneza povu zuri (kwenye maji ya ziwa haifanyi kazi ya maana), na ndiyo hiyo hiyo inayokuachia viputo visivyoondoka. Kiputo chenye kipenyo cha milimita 0.1 hupanda karibu milimita 5 tu kwa sekunde. Maji yakishuka kwa kasi zaidi ya hapo, yanakibeba.

Chukua sampu yenye upana wa sentimita 30, vioo viwili vya kuzuia viputo vikiwa vimeachana sentimita 3, na pampu inapitisha lita 1,200 kwa saa. Hizo ni mililita 333 kila sekunde, zikipita kwenye uwazi wa sentimita 90 za mraba. Maji yanashuka kwa sentimita 3.7 kwa sekunde, zaidi ya mara 7 ya mwendo wa kiputo! Vioo vilivyobanana namna hiyo vinakupa viputo badala ya kuvizuia. Tanua nafasi iwe sentimita 8, kasi inashuka hadi 1.4. Punguza pampu hadi lita 600 kwa saa, ambazo bado ni tangi zima mara 2 kila saa, unafika karibu 0.7. Hapo vilivyo vikubwa kidogo kuliko hicho cha milimita 0.1 vinabaki nyuma. Fundi yeyote wa vioo vya madirisha atakukatia vipande. Angalia tu silikoni isiwe na dawa ya kuzuia ukungu.

Sponji kwenye mdomo wa skima inasaidia, ila usipoiosha kila baada ya siku mbili tatu inaozesha uchafu na kukupandishia naitreti.

Ninachokuomba kwa moyo wote usifanye ni kubana mpira unaoingiza hewa kwenye skima. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ina mgandamizo pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane ukilinganisha na Dar. Maji ya chumvi yenye joto hushika oksijeni kidogo hata kule pwani. Huku ni kidogo zaidi, na usiku ndio hupungua kabisa. Skima ndiyo inayowapulizia samaki wako. Viputo hivyo kwa klauni ni kero ya macho tu. Mwenye sifongo hai wa baharini kwenye tangi ndiye wa kuhofia, maana hewa ikinasa ndani yake inaua sehemu hiyo.

Zima skima leo jioni kwa hiyo nusu saa, kisha niandikie ulichoona, pamoja na upana wa sampu, nafasi kati ya vioo na nguvu ya pampu. Tutapiga hesabu pamoja kabla hujakata kioo.