Kutambuliwa na mataifa si sawa na kuwa halali

Mdogo wangu wa Ujiji, umeuliza, kwa ajili ya mdahalo wa shule, kama serikali iliyoingia kwa mtutu wa bunduki huwa halali pindi mataifa mengine yanapoitambua. Nakushauri utenganishe mambo hayo mawili, kwani utambuzi ni uamuzi wa kila dola, nao mara nyingi huchanganyika na masilahi. Mwaka 1968 Tanzania iliitambua Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, huku nchi nyingi zikikataa. Mwaka 1971 Mwalimu Nyerere hakuutambua utawala wa Idi Amin, ingawa ulikwisha kuishika Kampala.

Sisi wa Kigoma tuna mfano wa karibu zaidi. Meja Pierre Buyoya alipotwaa madaraka Burundi Julai 1996, nchi jirani, Tanzania ikiwamo, ziliiwekea nchi hiyo vikwazo vya kiuchumi vilivyodumu hadi Januari 1999, na mzigo wake ukawaangukia pia wananchi wa kawaida ambao hawakushiriki mapinduzi hayo, jambo ambalo kwangu bado ni zito.

Kuhusu uhalali wenyewe, anza hoja yako na Ibara ya 8 ya Katiba yetu, inayotamka kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote.