Je, thamani ya tatu ni njia ya kukwepa swali?

SWALI: Nimesoma kwamba kauli "Sentensi hii ni ya uongo" hujipinga yenyewe: ukiikubali inakuwa uongo, ukiikataa inakuwa kweli. Wanamantiki wengine huipa thamani ya tatu, isiyo kweli wala uongo. Je, huko si kukwepa swali?

JIBU: Shaka yako ina msingi, ingawa thamani hiyo haikubuniwa kwa ajili ya kauli hii. Jan Łukasiewicz wa Poland, aliyeitangaza mwaka 1920, alikuwa akitafuta nafasi ya kauli zinazohusu mambo yajayo ambayo bado hayajaamuliwa.

Tuseme kweli ni 1, uongo ni 0, na thamani ya tatu ni nusu. Kukanusha kauli ni kuitoa thamani yake katika 1, kwa hiyo kanusho la nusu ni nusu ileile. Sentensi yako inadai kinyume chake yenyewe, hivyo thamani yake haina budi kulingana na ya kanusho lake. Ukiijaribu 1 unapata 0, na ukiijaribu 0 unapata 1. Ni nusu peke yake inayotulia. Hapo hakuna kilichokwepwa, maana hesabu yenyewe ndiyo inayotufikisha huko.

Ugumu unarudi tukiandika: "Sentensi hii si kweli." Ukiipa nusu, basi si kweli, lakini hilo ndilo hasa inalolisema, kwa hiyo ni kweli! Kuongeza thamani ya nne hakusaidii, kwa sababu maneno "si kweli" yanaimeza nayo.

Mimi navutiwa zaidi na njia ya mwanafalsafa Saul Kripke ya mwaka 1975, ambayo inaweza kutumia majedwali ya thamani tatu ya mwanamantiki Stephen Kleene, yanayoonyesha thamani ya kauli iliyoundwa kwa kauli nyingine. Ukweli hugawiwa kwa hatua: kwanza "theluji ni nyeupe", kisha "ni kweli kwamba theluji ni nyeupe", na kuendelea. Kauli yako haifikiwi katika hatua yoyote, kwa kuwa haina mahali pa kuanzia nje ya nafsi yake. Kwa hiyo nusu si thamani ya tatu hasa, bali ni pengo. Hata hivyo, Kripke alikiri kwamba tukitaka kusema waziwazi kuwa kauli hiyo si kweli, tunalazimika kupanda kwenye lugha nyingine iliyo juu ya ile tunayoichambua.