Maswali yenu wiki hii: mkongwe au kinda, nani apewe namba?

Maswali ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, yamejaa tena na karibu yote yanazunguka palepale, kwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, mkongwe na kinda, mkongwe na kinda. Nimechagua ya kujibu, mengine nimeyaacha maana nilishayajibu na jibu langu halijabadilika.

Kwa ujumla nani bora, kwotabeki mkongwe au ruki, yaani kinda wa msimu wa kwanza? (Msomaji, Mwanza)

Niambie kwanza nani wanacheza mbele yake. Wale watano wa kwenye laini, wanaomkinga asivamiwe, hamniulizii hata siku moja, na wao ndio wanaamua.

Kaka, mimi ni Cowboys damu tangu nilipohamia huku, na 2016 bado inaniuma. Romo, kwotabeki wetu mkongwe, asingeumia tungechukua ubingwa, au Dak, yule kinda, ndiye alitufikisha pale? (Msomaji, Dallas)

Pole, hilo donda nalijua. Tuanze pale Seattle, tarehe 25 Agosti 2016, mechi ya maandalizi, yaani mechi ambayo haihesabiki popote. Tony Romo ana miaka 36, anatoka mbio na mpira, Cliff Avril anamdaka kwa nyuma, Romo anatua vibaya na mgongo unajikunja, pingili ya uti wa mgongo ikavunjika. Dak Prescott wakati huo ni chaguo la 135, raundi ya nne ya drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, na wala hakutarajiwa hata kuwa namba mbili, namba mbili alikuwa Kellen Moore mpaka naye alipovunjika mguu kambini. Wakafungwa mechi ya kwanza na Giants 20-19, baada ya hapo wakashinda 11 mfululizo, wakamaliza 13-3, yaani ushindi 13 na kufungwa 3, Dak ana pasi 23 za tachidauni, yaani zilizofikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, na zilizonaswa na wapinzani 4 tu.

Dak alikuwa mzuri, sibishi. Ila angalia alikuwa amesimama nyuma ya nani, Tyron Smith, Travis Frederick na Zack Martin, wote watatu machaguo ya raundi ya kwanza, 2011, 2013 na 2014, timu ilikaa miaka inajenga ule ukuta kabla kijana hajafika. Pembeni yake Ezekiel Elliott, ruki mwenzake, alikimbia yadi 1,631 na ligi nzima hakuna aliyemfikia. Msimu mzima Dak aliangushwa na mpira mkononi mara 25. Ikumbuke hiyo 25, nitairudia.

Kuhusu ubingwa, kwenye mtoano Packers walikuwa mbele 21-3, kinda akarudisha mpaka ikawa 31-31. Halafu kwotabeki wao Aaron Rodgers akakimbilia kushoto akampigia Jared Cook yadi 36, jamaa akadaka huku vidole vya miguu viko ndani ya mstari kwa kubahatisha, zikabaki sekunde 3, Mason Crosby akapiga mkwaju wa yadi 51, 34-31, kwisha habari. Sasa Romo angefanya nini pale? Hakuwa anacheza ulinzi. Mlitolewa na safu yenu ya nyuma ya ulinzi, miaka yote hii mnawagombanisha watu wawili ambao hawakuwa uwanjani mpira ule ulipodakwa.

Kinachoniuma mimi ni tarehe 15 Novemba mwaka uleule. Romo ameshapona, anasimama mbele ya waandishi na karatasi yake, anasoma, anasema kijana ameistahili namba, anakunja karatasi anaondoka bila kupokea swali hata moja. Nimeiangalia ile video mara nyingi sana. Unamuona mtu anameza kitu kichungu mbele za watu na anakimeza vizuri. Kumbuka yeye mwenyewe hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya 2003, akaipata namba 2006 alipoingizwa kipindi cha pili dhidi ya Giants, na aliyetolewa siku hiyo ni Drew Bledsoe.

Tom Brady wa New England alimpiga benchi Bledsoe akiwa ruki, kwa nini kinda wa kwetu asipewe timu leo? (Msomaji, Minneapolis)

Hakuwa ruki. Hili nimelisahihisha mpaka nimechoka. Brady alichaguliwa 2000, namba 199, na mwaka wake wa kwanza wote alirusha pasi 3 ikafika 1. Alichukua namba mwaka wa pili, baada ya mwaka mzima wa kukaa, kusoma na kujenga mwili. Ukitaka kumtumia Brady kama mfano basi tumia na ule mwaka wa benchi.

Kwotabeki hasa kazi yake ni nini?

Nilishaeleza zaidi ya mara moja. Kaa uangalie mechi moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho halafu uniandikie ulichoona, hapo nitakujibu kwa moyo mmoja.

Najua si vizuri kusema, lakini heri huyu mzee wetu aumie wiki mbili tu kijana apate nafasi. (Msomaji, Nairobi)

Kama unajua si vizuri, usingesema. Na sio wewe peke yako, ujumbe wa namna hii napata kila msimu, ndo maana leo najibu kwa urefu.

Tarehe 23 Septemba 2001 Mo Lewis wa Jets alimgonga Bledsoe akielekea nje ya uwanja. Kwa macho ilionekana rafu ya kawaida, akainuka, akarudi hata kucheza tena kidogo. Kumbe mshipa umekatika ndani na damu inajaa kifuani, angeweza kufa siku ile. Miezi michache kabla alikuwa amesaini mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 103, na namba pale New England hakuirudia tena. Na Januari 2002, kwenye mechi ya kuingia Super Bowl, fainali ya ligi, kule Pittsburgh, Brady akaumia kifundo cha mguu, nani aliingia? Huyohuyo mzee. Akampigia David Patten pasi ya tachidauni, New England wakashinda 24-17 na wiki iliyofuata wakachukua ubingwa. Kwa hiyo mkongwe unayemwombea mabaya Septemba unaweza kumhitaji Januari.

Mwingine Alex Smith. Novemba 2018 alivunjika mguu akiwa Washington, kidonda kikapata maambukizi, alifanyiwa upasuaji mara 17 na madaktari walifikiria kuukata. Oktoba 2020 akarudi kucheza. Ukiona picha za ule mguu hutaandika tena ujumbe kama huu. Kupoteza namba ni sehemu ya kazi yao, wanajua. Sisi tulio kwenye kochi na chai hatuna haki ya kuombea mtu mfupa uvunjike.

Chiefs walimchelewesha kwotabeki wao kinda Mahomes bure mwaka mzima, huoni? (Msomaji, Arusha)

Sioni, na nadhani ndo jambo la busara kuliko yote waliyofanya. Mwaka 2017 walipanda kwenye drafti kutoka nafasi ya 27 hadi ya 10 kumpata, walitoa machaguo ya maana kwa timu ya Buffalo, halafu wakamkalisha. Wenye timu wachache wana roho hiyo. Aliyekuwa anacheza ni Alex Smith tuliyemtaja hapo juu, na msimu huo alikuwa na kiwango cha upasiaji cha juu kuliko kwotabeki yeyote ligi nzima, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anambeba mzee, mzee alikuwa anacheza.

Mahomes kazi yake ilikuwa kuongoza kikosi cha kuigiza wapinzani mazoezini, kila wiki anajifanya kwotabeki wa timu nyingine dhidi ya ulinzi wa kwao, na anakaa vikao vyote na Smith, anaona mtu mzima anavyosoma ulinzi, anavyobadilisha mpango akiwa ameshafika kwenye mstari, anavyojua nani anakuja kumvamia kabla hajaja. Akapewa mechi moja tu, ya mwisho, Denver, akashinda 27-24. Mwaka uliofuata akapiga tachidauni 50 na yadi 5,097 akawa mchezaji bora wa ligi.

Na Smith alimfundisha akijua kabisa ni mrithi wake. Mtu huyu 2012 akiwa San Francisco alipata mtikisiko wa ubongo, Colin Kaepernick akaingia na namba ikaenda moja kwa moja, timu ikafika Super Bowl yeye yuko benchi. Angeweza kuwa na kinyongo na kila kijana anayeingia mlangoni. Hakuwa nacho, na mimi heshima yangu kwake ni kubwa kuliko kwa mabingwa wengi.

Timu mbovu ikipata chaguo la kwanza, kijana aanze siku ya kwanza au asubiri? (Msomaji, Mombasa)

Sasa turudi kwenye ile 25 ya Dak.

David Carr, chaguo la kwanza 2002, timu mpya kabisa ya Houston Texans. Msimu wake wa kwanza aliangushwa mara 76, sijakosea kuandika, mara sabini na sita, na rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Cha kusikitisha zaidi, timu ilijua itahitaji mlinzi, wakamchukua Tony Boselli, mlinzi wa pembeni kushoto kwenye laini, hodari kweli enzi zake, lakini bega lilikuwa limekwisha na hakucheza hata mechi moja pale. Kijana akaachwa hivyo hivyo. Baada ya hapo mtazame kwenye video, senta anamrudishia mpira na macho yake badala ya kwenda kwa wapokeaji wake yanashuka kuangalia wanaomvamia. Kwotabeki akishaanza kuangalia watu badala ya uwanja umempoteza, na hicho kitu kukirekebisha ni kazi ya miaka.

Najua mtaniletea Peyton Manning, 1998, pasi 28 zilizonaswa, timu 3-13, na bado akawa gwiji. Sawa. Manning msimu ule aliangushwa mara 22. Alikosea kwa sababu alikuwa anajifunza, ila alikuwa anajifunza akiwa wima. Kinda anayekosea akiwa wima atakua, yule anayekosea akiwa chini kila dakika anafundishwa woga tu.

Caleb Williams naye 2024 pale Chicago aliangushwa mara 68, na mashabiki walikuwa wanajadili mitindo yake ya kucha wakati kijana anasagwa mbele ya macho yao. Chicago walirekebisha laini baada ya msimu ule, ilibidi wafanye kabla.

Kwa hiyo jibu lako, kama laini ipo aanze hata kesho, kama haipo muweke mkongwe apokee yeye yale mapigo, analipwa kwa hilo na mwili wake anaujua.

Kwa nini timu zinakimbilia makinda hata kama mkongwe bado yuko fiti?

Pesa. Mwaka 2010 Sam Bradford, chaguo la kwanza, alipewa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 78 kabla hajarusha mpira hata mmoja. Mwaka uliofuata mkataba mpya wa wachezaji na ligi ukabana mishahara ya maruki, Cam Newton, chaguo la kwanza pia, akapata kama milioni 22 kwa miaka 4. Tangu hapo kinda mzuri ni bei ya kutupa na ile tofauti timu inanunulia wachezaji wengine. Atlanta 2024 wao walitaka vyote, wakampa Kirk Cousins mkataba wa milioni 180, wiki chache baadaye wakamchagua Michael Penix namba 8, na ilipofika Desemba Cousins yuko benchi. Unamwambia mtu umemuamini kwa miaka 4 halafu unamletea mrithi hata masanduku hajafungua. Mimi hilo sijalipenda mpaka kesho.

Browns wa Cleveland walimficha kinda wao Shedeur Sanders makusudi msimu wa 2025, kweli si kweli?

Sina la kusema kuhusu nia ya mtu. Ila mnasahau mazoezi ya wiki yanavyoenda. Anayeanza ndiye anapewa karibu mazoezi yote na kikosi cha kwanza, namba mbili anaokota makombo, namba tatu anasimama na kofia yake anaangalia. Sanders alichaguliwa wa 144, mbele yake wakiwa Joe Flacco na Dillon Gabriel. Alipoingizwa ghafla Novemba baada ya Gabriel kuumia mlishangaa kumuona amechanganyikiwa, mlitaka aijue vipi timu ambayo hajafanya nayo mazoezi? Alipopewa wiki nzima ya maandalizi akaenda Las Vegas akashinda 24-10.

Na huyo Flacco, mtu wa miaka 40 anatafuta nini uwanjani? Si akapumzike. (Msomaji, Dodoma)

Flacco ndiye aliyewafunga San Francisco kwenye ile Super Bowl ambayo Alex Smith alikuwa benchi, akawa mchezaji bora wa mechi. Mwaka 2018 nyonga ikamuumiza, Lamar Jackson akiwa ruki akaingia, akashinda mechi 6 kati ya 7 na Flacco hakurudi tena kwenye namba pale Baltimore. Cleveland 2025 walimpa mechi 4 wakamweka pembeni kumpisha Gabriel, siku chache baadaye wakamuuza kwa Bengals wa Cincinnati kwa kubadilishana tu machaguo ya raundi ya tano na ya sita.

Tarehe 16 Oktoba, kwetu ilikuwa tayari Ijumaa saa 9 na robo usiku, nikaweka simu chaji nikakesha. Flacco na miaka yake 40 upande mmoja, Aaron Rodgers na 41 upande wa pili akiwa na Steelers wa Pittsburgh. Pasi za mbali zinapigwa kama vile wote wana miaka 25. Steelers wakaingia mbele 31-30 mwishoni, na zile dakika za lala salama mzee akawapeleka Bengals taratibu, pasi moja, nyingine, mpaka mpiga mikwaju wao akawa na umbali anaouweza, 33-31. Flacco yadi 342, tachidauni 3, siku 9 tangu auzwe, na kitabu cha mipango cha timu ile bado alikuwa anakisoma.